Haki ya Mtunzi na Haki ya Msikilizaji: Historia ya Matumizi ya Haki ya Muziki katika Sheria ya Hakimiliki

Utangulizi

Neno "haki" katika Kiswahili lina sura mbili. Kwa upande mmoja ni uadilifu: hukumu ya haki ni hukumu isiyopendelea. Kwa upande wa pili ni stahili ya mtu, yaani kitu kilicho chake ambacho hana sababu ya kukiomba: haki ya mrithi, haki ya jirani, haki ya mgeni. Kwa hiyo istilahi "matumizi ya haki", inapotumiwa kueleza ule uhuru wa kutumia sehemu ya kazi ya mtu mwingine bila ya kumwomba idhini, inaweza kufahamika kwa njia mbili. Yaweza kuwa ni matumizi yasiyo na dhuluma ambayo, mwenye mali akishtaki, mahakama itayasamehe. Au yaweza kuwa ni matumizi ambayo mtumiaji anastahiki kuyafanya tangu awali, wala hapana la kusamehewa. Tofauti hii yaonekana kuwa ya wanachuoni tu. Hata hivyo, katika historia ya sheria ya muziki, na hasa tangu muziki ulipoingia katika kompyuta, tofauti hii ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi.

Jambo lenyewe si geni kwa wajuzi wa fasihi ya Kiswahili. Sayyid Abdallah bin Nasir alipotunga Takhmisa ya Liyongo, aliuchukua utungo wa kale unaonasibishwa na Fumo Liyongo, akautangulizia maneno yake mwenyewe, mishororo mitatu kwa kila miwili ya asili, hata pakawa na beti za mishororo mitano mitano. Kazi ya mtangulizi wake ilimo yote ndani ya kazi yake, wala hakuna aliyemwita mwizi. Jadi ilimhesabu kuwa amemheshimu mkubwa wake na kumwongezea umri. Kadhalika katika malumbano, mshairi anayejibu huchukua vina na bahari ya mwenzake, kwa sababu jibu lisilofuata mkondo wa swali si jibu. Na taarabu ya Mombasa ya mtindo wa Kihindi, ambayo Juma Bhalo alikuwa mmoja wa mafundi wake wakubwa, ilitia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo za filamu za Bara Hindi. Jadi hii haikuwa ya fujo. Watungaji wengi wa tenzi walitaja majina yao katika beti za tamati ili kazi isipotee mwenyewe. Kukopa kulikubaliwa, kuficha asili ndiko kulikokuwa aibu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sheria ya hakimiliki ilivyolishughulikia suala hilohilo la kukopa katika muziki, na jinsi majaribio ya kuirekebisha sheria hiyo katika zama za dijitali yalivyokwenda. Mifano mingi imetolewa Marekani, kwa kuwa huko ndiko ugomvi ulikokuwa mkali zaidi na ndiko ulikoandikwa kwa ukamilifu. Kisha makala yataangalia urithi wa Kenya. Hoja inayojengwa ni kwamba matumizi ya haki hayakufutwa na sheria yoyote. Yalichopoteza ni mahali pake: zamani mwenye mali ndiye aliyekwenda mahakamani kuthibitisha kosa, na leo mtumiaji ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hana kosa, mara nyingi mbele ya mashine isiyosikia hoja.

Chimbuko

Sheria ya kwanza ya hakimiliki ni ile iliyopitishwa na Bunge la Uingereza wakati wa Malkia Anne, ikaanza kutumika mwaka 1710. Ilimpa mwandishi wa kitabu kipya miaka 14, na miaka 14 mingine endapo angali hai ile ya kwanza itakapokwisha. Muziki haukutajwa. Ilikuwa mpaka mwaka 1777 ndipo mahakama ya London, katika kesi iliyoletwa na Johann Christian Bach, mwana wa Johann Sebastian Bach, ilipoamua chini ya Lord Mansfield kwamba muziki ulioandikwa nao ni maandishi, na kwa hiyo walindwa kama kitabu. Marekani ilifuata nyayo hizo kwa sheria ya mwaka 1790 iliyolinda ramani, chati na vitabu. Muziki ukatajwa kwa jina mwaka 1831, na haki ya kuupiga hadharani ikaongezwa mwaka 1897.

Ni muhimu kukumbuka kwamba katika karne hizo kilicholindwa ni karatasi. Mtu aliyeusikia wimbo barazani akauimba shambani hakuwa na habari na sheria, wala sheria haikuwa na habari naye.

Dhana ya matumizi ya haki ilipata umbo lake la Kimarekani mwaka 1841 katika kesi ambayo haikuhusu muziki hata kidogo. Mwandishi mmoja wa maisha ya George Washington alikuwa amenakili kurasa 353 kutoka katika mkusanyo mkubwa wa barua za kiongozi huyo uliohaririwa na Jared Sparks. Jaji Joseph Story aliamua kwamba amekosa. Lakini katika kueleza sababu, aliweka vipimo ambavyo vimeishi kuliko hukumu yenyewe: yatazamwe maumbile na makusudio ya kilichochukuliwa, wingi na thamani yake, na kiasi ambacho kazi mpya yaweza kuiharibia soko kazi ya asili au kukaa mahali pake. Ni ajabu ya historia kwamba uhuru wa mtumiaji ulizaliwa katika kesi ambayo mtumiaji alishindwa.

Mashine na Sauti

Msukosuko wa kwanza uliletwa na piano inayojipiga yenyewe kwa kufuata karatasi zilizotobolewa matundu. Mwaka 1906 John Philip Sousa, kiongozi mashuhuri wa bendi, alilalamika hadharani na mbele ya Bunge la Marekani kwamba mashine hizo zinawanyonya watunzi na tena zitawafanya watu waache kuimba wenyewe. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu iliamua kwamba karatasi yenye matundu si nakala ya muziki, kwa kuwa hapana binadamu awezaye kuisoma kwa macho. Kwa hukumu hiyo watunzi waliachwa mikono mitupu.

Bunge lilijibu mwaka uliofuata kwa njia yenye busara. Sheria ya mwaka 1909 ilimpa mtunzi haki juu ya nakala za mashine; lakini kwa kuhofia kwamba kampuni moja ingeweza kuuhodhi muziki wote, iliongeza kwamba wimbo ukisharekodiwa mara ya kwanza kwa idhini ya mtunzi, mtu yeyote aweza kuurekodi upya mradi alipe senti 2 kwa kila nakala. Kiwango hicho hakikubadilika mpaka mwaka 1978, jambo ambalo bila shaka liliwapunja watunzi kadiri bei za vitu zilivyopanda. Pamoja na kasoro hiyo, mpango wenyewe ulidhihirisha jambo linalosahauliwa mara kwa mara: kati ya kukataza kabisa na kutoa bure kabisa iko njia ya tatu, nayo ni kuruhusu na kulipa.

Sauti yenyewe iliyorekodiwa, mbali na utunzi, haikupata ulinzi wa sheria ya shirikisho ya Marekani mpaka tarehe 15 Februari 1972. Miaka minne baadaye, katika sheria kuu ya mwaka 1976, vipimo vya Jaji Story viliandikwa kwa mara ya kwanza katika maneno ya Bunge lenyewe, katika kifungu cha 107. Kifungu hicho kinataja uhakiki, maelezo, habari, ufundishaji, uanazuoni na utafiti kuwa ni mifano tu, kisha kinatoa vigezo vinne: makusudio ya matumizi, maumbile ya kazi, kiasi kilichochukuliwa, na athari juu ya soko. La muhimu zaidi ni kitenzi chake. Kifungu hakisemi kwamba matumizi hayo ni kosa linalosamehewa. Kinasema kwamba si kosa.

Maana ya kitenzi hicho ilipimwa mwaka 1984, wakati kampuni za filamu zilipotaka mashine za Sony za kurekodi televisheni zipigwe marufuku. Kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani ili akitazame baadaye ni matumizi ya haki. Kwa upande wa muziki, sheria ya mwaka 1992 ilizuia wasikilizaji wasishtakiwe kwa kunakili nyumbani kwa vyombo vya kurekodia vilivyotajwa bila ya kufanya biashara, na badala yake ikatoza malipo juu ya vyombo vya kurekodia vya kidijitali na kanda zake. Na mwaka 1999 mahakama ya rufani ya California na majimbo jirani, ikikataa kukizuia chombo kidogo cha mkononi kilichoitwa Rio, ilieleza kwamba kuhamisha muziki kutoka kompyuta ya mtu kwenda katika chombo chake ili atembee nao ni matumizi ya binafsi yanayoafikiana na makusudio ya sheria. Yamkini hapo ndipo msikilizaji alipofikia kilele cha uhuru wake.

Kukopa Kijisehemu na Kufanya Mzaha

Sambamba na msikilizaji alikuwako mtunzi anayekopa. Muziki wa rapu ulijengwa juu ya ufundi wa kukata vijisehemu vya santuri za zamani na kuvifuma upya. Mwaka 1991 jaji mmoja wa New York, katika kesi ya Gilbert O'Sullivan dhidi ya rekodi ya Biz Markie, aliianza hukumu yake kwa amri ya Biblia inayokataza wizi, na hata akapendekeza wahusika wachunguzwe kwa makosa ya jinai. Suala la matumizi ya haki halikupewa nafasi. Tangu hapo, kampuni za rekodi zilianza kudai kila kijisehemu kiombewe leseni kabla ya kutolewa, na wanamuziki wasiokuwa na fedha wakaacha ufundi huo au wakaufanya kwa kificho.

Miaka mitatu baadaye upepo uligeuka. Kundi la 2 Live Crew lilikuwa limeomba idhini ya kuufanyia mzaha wimbo wa Roy Orbison na William Dees wa mwaka 1964 kuhusu mwanamke mrembo. Likanyimwa, likautoa wimbo wake hata hivyo mwaka 1989. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja iliyoandikwa na Jaji David Souter, ilisema kwamba mzaha waweza kuwa matumizi ya haki hata kama unauzwa. Swali kubwa, kwa kufuata fikra alizoandika Jaji Pierre Leval mwaka 1990, ni kama kazi mpya inaongeza maana mpya au inakalia tu kiti cha kazi ya zamani. Mahakama iliona pia kwamba mwenye wimbo si rahisi kuuza leseni ya kudhihakiwa. Kwa hiyo kumwachia yeye peke yake uamuzi ni kuunyamazisha uhakiki. Msomaji wa Takhmisa ya Liyongo hatakosa kuitambua kanuni hii, ingawa mahakama hiyo haikuwa na habari za Pate.

Lakini hukumu za mahakama ni kama maji ya bahari, hujaa na kupwa. Mwaka 2005 mahakama ya rufani yenye makao Cincinnati iliamua kwamba kuchukua hata kijisehemu cha sekunde mbili cha rekodi kunahitaji leseni. Mwaka 2016 mahakama ya rufani ya magharibi, katika kesi iliyohusu wimbo wa Madonna na mlio wa tarumbeta wa sekunde 0.23, ilikataa kuifuata hukumu hiyo. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya picha ya mwanamuziki Prince iliyopigwa na Lynn Goldsmith na kuchorwa upya na Andy Warhol, iliibana ile dhana ya maana mpya pale ambapo kazi zote mbili zinauzwa kwa kusudio moja. Mwanamuziki anayetaka kujua leo kama amekosa au hakukosa huenda akapata jibu moja California na jingine Tennessee.

Sheria ya Mwaka 1998

Mapinduzi makubwa, hata hivyo, hayakuletwa na mahakama bali na Bunge. Baada ya mikataba miwili ya kimataifa iliyoafikiwa Geneva mwezi Desemba 1996, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya hakimiliki ya zama za dijitali, ambayo Rais Bill Clinton aliitia sahihi tarehe 28 Oktoba 1998. Sheria hiyo ilisimama juu ya nguzo mbili.

Nguzo ya kwanza ilihusu kufuli. Mwenye kazi aliruhusiwa kuifunga kwa programu, na ikawa ni kosa kuvunja kufuli hiyo au kutengeneza na kuuza zana za kuivunja. Tatizo ni kwamba kufuli haipambanui kati ya mwizi na mwalimu. Aliyenunua sidii ya muziki akataka kunukuu sekunde kumi kwa ajili ya somo alikuwa na haki ya kunukuu lakini hana haki ya kufungua. Bunge liliweka mlango mdogo: kila miaka mitatu Mkuu wa Maktaba ya Bunge aweza kutoa ruhusa maalumu. Lakini hata anayepewa ruhusa ya kufungua hakuruhusiwa kuuziwa ufunguo.

Taathira ya nguzo hii ilionekana mapema. Mwaka 2000 muungano wa kampuni za muziki na za vyombo vya elektroniki ulitangaza shindano la kuzijaribu alama zake za kulindia muziki. Profesa Edward Felten wa Princeton na wenzake wakafaulu kuzishinda. Walipotaka kuisoma makala yao ya kitaalamu mwezi Aprili 2001, walipata barua ya kuwatahadharisha kwamba huenda wakashtakiwa chini ya sheria mpya. Waliiondoa makala hiyo, na ikasomwa miezi minne baadaye, baada ya wao kwenda mahakamani. Kisha mwaka 2005 ikagunduliwa kwamba baadhi ya sidii za Sony BMG zilikuwa zikiingiza kwa siri katika kompyuta za wanunuzi programu iliyojificha na kudhoofisha usalama wao. Kampuni ikalazimika kuzirudisha sidii hizo. Soko lenyewe lilichoka. Mwaka 2009 duka la muziki la Apple liliuza nyimbo zake bila ya kufuli. Sheria iliyolinda kufuli haikufutwa.

Nguzo ya pili ilihusu ilani. Kampuni inayohifadhi vitu vya watu katika intaneti iliondolewa dhima, mradi ikipata ilani ya mwenye hakimiliki ikiondoe upesi kitu kinacholalamikiwa. Aliyekiweka aweza kupeleka ilani ya kupinga, na kitu kikarejeshwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi kama hajashtakiwa. Aidha, anayedanganya kwa kujua katika ilani aweza kudaiwa fidia. Kwenye karatasi mizani yaonekana sawa. Katika vitendo, mlalamikaji ni kampuni yenye mawakili, na mlalamikiwa ni mtu aliye peke yake, asiyejua sheria, anayeogopa kuandika jina na anwani yake katika hati ya kukubali kushtakiwa. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Kisa kinachoeleza hali hiyo kuliko vyote kilianza mwezi Februari 2007. Mama mmoja wa jimbo la Pennsylvania aliweka katika YouTube filamu ya sekunde 29 ya mtoto wake mdogo akicheza jikoni, huku wimbo wa Prince wa mwaka 1984 ukisikika kwa mbali na kwa mkwaruzo. Mwezi Juni kampuni ya Universal, iliyosimamia hakimiliki ya utunzi huo, ilipeleka ilani na filamu ikaondolewa. Mama huyo alipinga, ikarejeshwa. Kisha, akisaidiwa na wanasheria wa Electronic Frontier Foundation, akaishtaki kampuni. Mwaka 2008 Jaji Jeremy Fogel aliamua kwamba anayepeleka ilani sharti kwanza afikiri kama matumizi ni ya haki. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ilikubali, ikasema waziwazi kwamba matumizi ya haki si kosa lililosamehewa bali ni tendo lililoruhusiwa na sheria. Lakini papo hapo ikaongeza kwamba kampuni ikiamini kwa nia njema kwamba kuna kosa, inatosha, hata kama imani hiyo haina msingi mzuri. Mahakama ya Juu ilikataa kuisikiliza rufani mwaka 2017, na mwaka 2018 pande mbili zikapatana. Sekunde 29 zilichukua miaka 11.

Na tangu mwaka 2007 mambo yamepita kiwango cha ilani. YouTube iliweka mtambo unaolinganisha sauti za kila filamu na akiba ya rekodi zilizosajiliwa, na kuzuia au kuhamisha mapato bila ya mtu kusoma chochote. Mtambo hupima kufanana. Matumizi ya haki hayapimwi kwa kufanana. Hupimwa kwa makusudio, na makusudio hayasikiki masikioni mwa mashine.

Majaribio ya Kurekebisha

Si kweli kwamba hakuna aliyejaribu kuyarekebisha haya. Rick Boucher, mbunge wa Virginia, alipeleka mswada mwaka 2002, akaurudia mwaka 2003, uliotaka iwe halali kuifungua kufuli kwa ajili ya matumizi yasiyokiuka hakimiliki, na sidii zilizofungwa ziandikwe hivyo wazi juu ya jalada. Mwaka 2007 alileta mwingine wenye madai madogo zaidi. Hapana hata mmoja uliopita. Wapinzani walikuwa na hoja yenye uzito: mwaka 2001 mahakama ilikuwa imekataa dai la Napster kwamba kubadilishana nyimbo nzima kati ya watu wasiojuana ni matumizi ya haki, na watunzi waliogopa kwamba mlango ukifunguliwa kwa mwalimu utaingiwa na kila mtu.

Uingereza ilijaribu kwa njia nyingine. Baada ya taarifa mbili za uchunguzi, za mwaka 2006 na 2011, serikali iliruhusu kuanzia Oktoba 2014 mtu anakili kwa matumizi yake mwenyewe muziki alioununua. Vyama vya wanamuziki vikashtaki, na mwezi Julai 2015 Mahakama Kuu ikaitengua kanuni hiyo kwa sababu serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba wanamuziki hawatapata hasara iliyostahili fidia. Umoja wa Ulaya nao, katika agizo lake la mwaka 2019, uliziwekea tovuti kubwa dhima nzito zaidi, lakini ukaamuru kwamba watumiaji katika nchi zote wanachama waweze kunukuu, kuhakiki na kufanya mzaha. Hapo, angalau katika maneno, kilichokuwa utetezi kilikaribia kuwa stahili.

Yafaa kuisikia sauti ya mtunzi kwa makini hapa, kwa kuwa Afrika inayo mfano wake mchungu. Solomon Linda aliurekodi wimbo wa "Mbube" mjini Johannesburg mwaka 1939, akauza haki zake kwa kiasi kidogo mno, wimbo ukazunguka dunia nzima kwa majina mengine, naye akafa maskini mwaka 1962. Warithi wake walipata suluhu mwaka 2006, kwa kutegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1911 iliyowarejeshea warithi haki miaka 25 baada ya kifo cha mtunzi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini ni vizuri kutazama ni nani aliyemdhulumu Linda. Hakuwa mwalimu aliyeufundisha wimbo wake darasani, wala mama aliyemrekodi mtoto akiucheza. Dhuluma ilipita katika mikataba na katika mikono ya wachapishaji, yaani katika milango ileile ambayo sheria kali za kuwazuia wasikilizaji haziifungi.

Urithi wa Kenya

Sheria hiyohiyo ya mwaka 1911, iliyoenea katika makoloni ya Uingereza, ndiyo iliyoleta Afrika Mashariki dhana ya utumiaji wa haki wa Kiingereza: si mlango ulio wazi kama wa Marekani, bali orodha ya shughuli chache zilizotajwa. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1966, na ile iliyofuata, ya mwaka 2001, iliruhusu utumiaji wa haki kwa utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki na taarifa za habari, kwa sharti la kutaja asili. Sharti hilo la kutaja asili lapatana na jadi ya washairi wa pwani. Wakati huohuo sheria hiyo ilikataza kuvunja kufuli za kitaalamu, na marekebisho ya mwaka 2019 yakaleta utaratibu wa ilani unaofanana na ule wa Marekani, pamoja na adhabu kwa anayepeleka ilani ya uongo au ya nia mbaya.

Ina maana kwamba Kenya imerithi nguzo mbili za mwaka 1998 bila ya kuurithi ule mlango mpana wa mwaka 1976. Mtunzi wa Lamu anayetaka kujibu wimbo wa mwenzake kwa kuutumia wimbo wenyewe hana budi kutafuta kama jibu lake ni "uhakiki", kwa kuwa malumbano hayamo katika orodha ya mwaka 2001.

Hitimisho

Historia hii ya zaidi ya miaka 300 ina mafunzo machache yaliyo wazi. Kwanza, kila mashine mpya, kuanzia karatasi yenye matundu, ilizua madai ya kukataza, na masuluhisho yaliyodumu ni yale yaliyoruhusu matumizi na kumlipa mtunzi. Pili, uhuru ulioachwa uamuliwe kesi kwa kesi ni uhuru wa wenye mawakili. Mama wa Pennsylvania alipata wa kumsaidia, wengi hawampati. Tatu, kufuli na mtambo wa kulinganisha sauti vimefanya kazi ya jaji pasipo kuwa na sifa za jaji. Kwa hiyo marekebisho yenye maana hayahitaji kuipunguza hakimiliki. Yahitaji kutamka kwamba matumizi ya haki ni stahili. Kuruhusu kufuli ifunguliwe kwa kazi iliyo halali. Kumlazimisha apelekaye ilani awe na sababu, na alipe asipokuwa nayo. Na kuhakikisha kwamba panapopatikana mapato yanamfikia mtunzi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda mali ya ubunifu katika kifungu cha 40, na inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa katika kifungu cha 33. Waliokiandika kimoja ndio walioandika na kingine. Neno walilolitumia katika vyote viwili, likisomwa kwa Kiswahili, ni lilelile moja: haki.